Kurasa Thelathini na Mbili

Bibi Blia hakujua kusoma, lakini upande wote wa mashariki wa mji wa Saint Paul, Marekani, hapakuwa na mtu aliyejua kuangalia picha kama yeye. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imeng'ang'ania nyuma ya gereji kama mgeni asiyejua kuaga, mjukuu wake Gaonu alimwekea mezani kitabu cha safari yake ambacho hakijawa kitabu: karatasi tu, zimebanwa pembeni kwa kibanio. Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akaanza kufunua. Alifunua polepole, kila picha akiigusa kwa kidole. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, akafunua tena, safari hii akihesabu.

“Fresno iko wapi?” akauliza.

Gaonu alikuwa akilisubiri swali hilo tangu alipovua viatu mlangoni. “Bibi, Fresno imetolewa. Mhariri ameona...”

“Imetolewa! Na nani? Mimi nimekaa Fresno miaka mitatu. Baba yako kang'oka meno ya utoto Fresno. Nimechuma nyanya za watu mpaka mgongo ukataka kukatika, leo mhariri anaitoa kama anatoa unywele kwenye mchuzi?”

“Kitabu cha picha kina kurasa thelathini na mbili, Bibi. Ndivyo mitambo inavyochapa na kukunja, haziongezwi. Ukitoa ya jina na ile ya maandishi madogo ya wachapishaji, zilizobaki zinajaa haraka. Sasa mhariri anasema ndege ipae kambi ya wakimbizi kwenye joto, mtoto akifunua tu, itue kwenye theluji. Anasema watoto watashtuka.”

“Washtuke tu. Na mimi siku nikifa, nitatokaje hapa nikaibukie kambini Thailand? Nitaruka? Mimi kunguru?”

Gaonu alicheka. Halafu akamwona Bibi hacheki, naye akaacha.

Kwetu Wahmong, watu wa milima ya Laos, mtu akifa hasindikizwi mbele, husindikizwa nyuma. Mwonyesha njia huketi karibu na kichwa cha maiti, akamwimbia barabara yote aliyopita: kutoka nyumba aliyofia, mji kwa mji, kambi kwa kambi, mpaka kijiji alichozaliwa, na kama ni mwanamke, mpaka chini ya kitanda cha wazazi wake, maana ndipo lilipozikwa kondo lake la nyuma. Kondo hilo ndilo shati lake la kwanza. Asipolivaa tena, waliomtangulia hawatamtambua. Na kila mahali alipowahi kuishi lazima asimame, ashukuru kwa maji aliyokunywa na kuni alizochoma. Ukimrusha mahali pamoja tu, anakwama hapohapo. Anazunguka. Akichoka kuzunguka anarudi kwa wajukuu kuuliza mbona mmenipoteza, na mtoto anashikwa na homa ambayo daktari hajui inatoka wapi. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kale. Wengi wao, ukiwauliza mama zao waliishi wapi na wapi, watakutajia kwa mpangilio bila kukosea, hata kama wamevaa misalaba shingoni.

Tatizo lilikuwa nani wa kuimba. Mzee Nzong, shemeji yake Bibi, ndiye aliyewaimbia wazee wote wa ukoo wa Vang, na sasa ana miaka themanini na mmoja na pafu moja tu la kutegemewa. Wana wa Bibi walikuwa watatu: wa kwanza kaokoka, wa pili anauza bima Texas na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu, wa tatu, Chong, babake Gaonu, ni mtu mwema lakini hawezi hata kumbariki kuku wa mwaka mpya bila kuchungulia simu. Ukiwategemea hao utalala njiani. Kwa hiyo Gaonu, aliyesomea uchoraji huku ukoo mzima ukisema anasomea njaa, alipopata mkataba wa kutunga kitabu cha watoto kuhusu safari ya bibi yake kutoka Laos, Bibi alifurahi kuliko yeye. Hakuwa na habari na watoto wa watu. Alikuwa na mpango wake: njia yake yote itakuwa kitabuni, kwa picha, kwa mpangilio. Siku ya siku, hata mjinga atakifunua kutoka ukurasa wa nyuma kuja wa mbele, amwimbie, naye afike.

Mpango ulikuwa mzuri isipokuwa kwa jambo moja, na jambo hilo alilijua peke yake. Orodha ya mahali aliyompa Gaonu ndiyo ileile aliyompa Mzee Nzong, na ndiyo aliyompa marehemu mumewe walipokuwa wakichumbiana kambini, nayo ilikuwa na pengo. Kati ya Phu Lang alikozaliwa na Long Tieng, ngome ya wakati wa vita, alikofika akiwa na miaka kumi na minane, palikuwa na kijiji kingine. Aliishi huko mwaka mmoja na misimu miwili ya mvua. Hakuwahi kulitamka jina lake mbele ya mtu yeyote Marekani, na kwa miaka mingi alijiambia kwamba mahali ulipoondoka bila kuaga hapahesabiki. Miaka ya karibuni, magoti yalipoanza kumgomea, akawa hana hakika tena.

Labda ndiyo maana aliishikia Fresno bango. Alikuwa na hasira ya pengo lake mwenyewe, akaimwagia hasira hiyo pengo la mhariri.

“Mwambie Fresno irudi,” akasema, “au mimi nitoke.”

“Bibi, kuna mkataba.”

“Mkataba umesaini wewe. Safari nimesafiri mimi.”

Wiki mbili zikapita. Jumapili moja mchana Mzee Nzong alikuja kula kuku wa kuchemsha na majani, kama alivyozoea kila mwezi tangu mkewe afariki. Simu ya Bibi ilikuwa juu ya kaunta, sauti wazi. Wazee wetu hawana haja na redio. Hupiga namba moja, wakaingia kwenye laini watu mia tatu kwa mpigo, mmoja akasimulia, wengine wakakohoa na kuchangia. Wiki hiyo nzima, kila nyumba ikisikia, walikuwa wakimjadili mwanamke fulani wa Milwaukee. Ilikuwa imegundulika kwamba aliwahi kuolewa kule Laos kabla ya ndoa anayojulikana nayo, na hakusema. Walimla taratibu, hawakuacha mfupa. Mmoja alisema mwanamke wa namna hiyo hata binti zake wachunguzwe kabla ya kuposwa. Bibi alinyoosha mkono akakata.

“Betri inaisha,” akasema.

Mzee Nzong aliitazama simu, akautazama waya uliochomekwa ukutani. “Betri inaisha na inakula umeme?”

“Kula kuku wako, shemeji.”

“Nakula. Lakini kuku gani huyu, shemeji? Alikuwa mwanariadha?”

“Meno ndiyo yamekwisha. Usimsingizie marehemu.”

Mzee akacheka mpaka akapaliwa, na alikuwa bado anapigwa mgongoni Gaonu alipoingia na bahasha kubwa kwapani.

“Bibi! Fresno imerudi!” Akazitoa karatasi palepale, kati ya bakuli la wali na pilipili ya kutwanga. “Ile ramani ya mwanzoni ilikuwa inakula kurasa mbili. Nimeitoa. Mhariri kanuna, lakini nimemwambia bibi yangu hatembei kwa ramani. Ona nyanya zako hizi.”

Bibi akaziona nyanya. Akamwona na Chong mdogo, kibogoyo, kakaa juu ya sanduku la matunda. Moyo wake ulijaa, akampapasa mjukuu wake shavuni kwa mkono uliokuwa bado na mafuta ya kuku.

“Sasa ni wewe tu, Bibi,” akasema Gaonu. “Alhamisi kinakwenda kiwandani. Kikishakwenda, basi, hata nukta haibadiliki. Niambie kama safari imekamilika.”

“Hebu nione,” akasema Mzee Nzong, akafuta vidole. Alikigeuza kitabu, akaanza nyuma, kama Bibi alivyotaka siku moja kifunuliwe. Akawa anaimba chinichini, nusu utani, nusu kazi: hapa ni jikoni kwako, Blia, mbebe mjukuu wako, muage, hapa ni theluji, ishukuru theluji, hapa Fresno, shukuru maji ya mfereji, hapa ndege, hapa kambi ya Ban Vinai, shukuru mchele wa msaada na foleni yake, hapa mto Mekong, shukuru mianzi iliyokuvusha, hapa msituni, shukuru mizizi uliyokula, hapa Long Tieng na uwanja wake wa ndege. Akafunua. Palikuwa na vilima vya Phu Lang, nyumba ya mbao, mtoto wa kike na kikapu.

Aliacha kuimba. Akarudi ukurasa mmoja, akaenda mmoja.

“Shemeji, kutoka Phu Lang mpaka Long Tieng ni mwendo wa siku nne.”

“Najua. Niliutembea.”

“Wasichana wa umri wako, wakati ule, walikuwa wameshaolewa wote.”

“Mimi nilikuwa kwa baba.”

Mzee Nzong hakubisha. Alichukua paja la kuku, akaanza kulisimulia hilo paja badala ya watu waliokuwa mezani. “Mnamkumbuka Cher Fue? Alifungwa Thailand miezi minane baada ya kuvuka mto. Hakuwaambia wanawe, aliona haya. Nikamwimbia kutoka kambini moja kwa moja hadi mtoni. Wiki ya tatu mjukuu wake akaacha kula. Tukaagua, tukauliza, ndipo mjane wake akasema. Tukarudia yote, kuku wapya, ngoma upya, kutwa nzima. Mtu mzima anakwama njiani kwa sababu ya haya!” Akaweka mfupa chini. “Mimi ni mdomo tu, shemeji. Njia ya mwongo fupi, na mimi siwezi kumrefushia mtu.”

Aliyasema bila ubaya, akaomba chai, akaeleza habari za pafu lake, na mpwa wake alipokuja kumchukua akaondoka na kopo la mchuzi. Lakini maneno yalibaki mezani kama vyombo.

Gaonu akaosha, Bibi akafuta. Alifuta sahani moja muda mrefu mno. Alikuwa anaogopa, na alijua vizuri anachokiogopa. Akinyamaza, kitabu kitakwenda na pengo lake, na siku atakapokufa atasimama Long Tieng akizitazama siku nne za njia asizoweza kuzipita. Halafu atarudi kuwatesa watoto hawa anaowapenda, bila kutaka, kwa sababu hatakuwa na pengine pa kwenda. Akisema, ile sauti ya watu mia tatu itamla kama ilivyomla yule wa Milwaukee, na mjukuu huyu anayemwona shujaa hatamtazama tena vilevile. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

“Gaonu. Acha vyombo. Kaa.”

Gaonu akakaa, mikono ikidondosha maji.

“Kuna mahali sikukutajia. Panaitwa Nam Keng.”

“Ni msituni?”

“Kabla. Ni kijiji. Mwaka mpya ule nilikuwa na miaka kumi na sita, tunarushiana mpira na wavulana kama wasichana wote. Mmoja wa ukoo wa Xiong akanishika mkono. Nikadhani mchezo. Wakatokea wenzake wanne. Wakanichukua hadi kwao Nam Keng, siku ya tatu wazee wakaenda kwa baba, baba akapokea mahari, mambo yakaisha. Usinitazame hivyo. Ilikuwa hivyo kwa wengi.”

“Babu alijua?”

“Babu yako alijua niliwahi kuwa mke wa mtu. Alisema vita vimetuvunja sote, kila mtu aje na kipande chake. Alikuwa mtu mzuri babu yako.” Akakunja kitambaa, akakikunjua. “Alichokuwa hajui ni mtoto.”

Gaonu akavuta kiti karibu.

“Msichana. Anaitwa Zoua. Alikuwa na miezi kumi na mmoja, meno manne, mbishi. Siku ile nilikuwa shambani peke yangu, ng'ambo ya kilima. Zoua alibaki nyumbani, mgongoni kwa mama mkwe. Nikasikia bunduki. Nikapanda juu nikaona moshi, lakini ulikuwa moshi wa nyumba za mwisho, za bondeni. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa upande wangu wa kushoto. Njia ya kwenda Long Tieng, walikokuwa wamekimbilia watu wangu, ilikuwa kulia. Nikakimbia kulia.”

“Njia ilikuwa imefungwa, Bibi. Wanajeshi...”

“Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nimejiambia tangu kabla baba yako hajazaliwa. Njia haikuwa imefungwa, Gaonu. Nilisimama pale nikaiona yote, nyeupe, haina mtu. Nilikuwa namchukia mume yule, nilikuwa namchukia mama yake, nikaona mlango umefunguka. Nikasema nitarudi kesho kumchukua mtoto. Kesho yake Long Tieng ilikuwa imejaa watu, keshokutwa tukawa msituni, na hakuna aliyekuwa anarudi popote.”

Hakulia. Alikuwa ameshalia sehemu yake, katika foleni za mchele na katika mashamba ya nyanya, ambako jasho humfichia mtu machozi. Gaonu ndiye aliyelia, akajifuta kwa mkono wenye sabuni, macho yakamwasha, akawa analia kwa mambo mawili.

“Hukumtafuta?”

“Kila aliyekwenda Laos kutembea nilimtuma salamu kwa watu wote, isipokuwa huyo. Niliogopa jibu. Akiwa hai ataniuliza kwa nini. Akiwa amekufa...”

Gaonu akavuta pumzi. Alikuwa mtoto mwenye akili, naye akatafuta njia ya kumwokoa bibi yake, kama vijana wanavyofanya wakiona mzee ameumia. “Sikiliza. Hatuna haja ya kuliweka kitabuni. Namwambia Mzee Nzong peke yake. Ataliimba siku hiyo, watu watadhani ni kijiji cha njiani tu. Hakuna atakayejua. Wale wa kwenye simu watabaki na Milwaukee yao.”

Lilikuwa pendekezo zuri, na Bibi alilitamani. Alilitazama muda mrefu kabla ya kulikataa.

“Na Nzong akinitangulia? Pafu lenyewe umelisikia.” Akatikisa kichwa. “Halafu si hilo tu. Nimemficha mwanangu miaka hamsini na mmoja. Nikimficha na siku ya kufa nitakuwa nimemwacha mara mbili. Mchore.”

“Bibi, watasema.”

“Wana midomo, waache waitumie. Chai yangu ninywe ya moto, maneno yao nitayanywa yakipoa.”

“Mpaka binti zako watachunguzwa.”

“Binti zangu wameshaolewa, wana vitambi. Nani awachunguze?”

Gaonu akacheka kidogo katikati ya kilio. Kisha akazivuta karatasi, na ile sura ya kazi ikamjia usoni. “Kurasa zimejaa zote. Ili Nam Keng iingie, lazima kitu kitoke. Nitoe nini? Fresno?”

“Thubutu!”

“Basi nini?”

Bibi akafunua mwenyewe. Long Tieng haiwezi kutoka, msitu hauwezi kutoka, mto mtu asiuguse. Akafika kwenye kurasa mbili za mwisho, pale jikoni, Bibi wa kwenye picha akiwa amemkumbatia msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa mafungu mawili. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Msichana mwenyewe ni Gaonu, miaka mitano, na kila aliyeiona picha hiyo alisema aah.

“Toa hii.”

“Hiyo? Bibi, hiyo ndiyo mwisho! Mhariri ndiyo anayoipenda kuliko zote. Alisema kitabu kikiisha kwa kukumbatiana mtoto analala salama.”

“Saint Paul nimeshafika hapa, kwenye theluji. Unanifikishaje mara ya pili? Mwambie mwenye safari kakataa kufika mara mbili.” Halafu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliona jinsi alivyomnyang'anya: “Wewe nimekukumbatia sana, mjukuu wangu. Unaweza kumwachia mwenzako kurasa mbili.”

Gaonu akainamisha kichwa. Ilimuuma, na haikuwa siri kwamba ilimuuma. Kabla ya mchana huo alikuwa hajui ana shangazi mwingine. Lakini alibandua karatasi ile, akaiweka kando juu ya friji, akatoa penseli na karatasi tupu kwenye mkoba.

“Nitaandika nini chini yake?”

“Andika: hapa Bibi aliishi mwaka mmoja na mvua mbili. Hapa alimzaa Zoua.”

“Basi?”

“Basi.”

“Watoto watauliza, Zoua yuko wapi katika picha zinazofuata.”

“Waulize,” akasema Bibi. “Mimi nimeuliza peke yangu muda wa kutosha.”

Wakaanza. Bibi alifumba macho, akaingia katika nyumba ile ambayo hakuwahi kuingia tena hata kwa mawazo, akashangaa kukuta kila kitu kipo. Mlango unatazama bondeni. Jiko kubwa kulia, la kupikia nguruwe chakula. Jiko dogo kushoto, la watu. Mtungi wa maji una ufa, umezibwa kwa nta. Nguzo ya katikati nyeusi kwa moshi. Gaonu akachora haraka, akiuliza, akifuta, na nyumba ikasimama mezani kati ya vikombe vya chai. Mara moja Bibi alifumbua macho akasema dirisha hakuna, nyumba za kwetu hazikuwa na madirisha, unachora ya Minnesota. Gaonu akalifuta dirisha.

“Chumba chetu kile pale kona. Kitanda cha mianzi, kifupi, miguu yangu ilikuwa inatokeza.”

Gaonu akakichora kitanda. Bibi akakitazama, na sura yake ikabadilika.

“Nilimzikia mwenyewe kondo lake hapo,” akasema. “Chini ya kitanda. Mama mkwe alisema nichimbe mimi, kwa sababu ni msichana tu. Nilichimba kwa kijembe cha bustani, siku ya pili baada ya kuzaa, nikiwa sijaweza hata kusimama wima. Shati lake lipo hapo, Gaonu. Na wewe unajua mtu akifa hurudi wapi.”

“Hulirudia shati lake.”

“Ndiyo. Kwa hiyo nikipitishwa Nam Keng nitaingia humu, nitainama chini ya kitanda. Nikikuta udongo umefukuliwa, nitajua kanitangulia, alishakuja akalivaa, akaenda. Nikikuta udongo mzima, nitajua mwanangu yuko hai mahali fulani, anapika, anagombana na wakweze.” Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayesema jambo alilolifikia muda huohuo. “Fresno niliipigania kwa ajili yenu, msipate homa. Hapa ni kwa ajili yangu. Sina njia nyingine ya kujua.”

Nje, maji ya theluji yalidondoka kutoka paani, na watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli. Gaonu alipiga mstari wa sakafu, akapiga miguu minne ya kitanda, akafika pale chini ambapo karatasi ilikuwa nyeupe bado. Penseli ikasimama.

“Bibi,” akauliza, “hapa chini nichoreje? Kumefukuliwa, au kuko kama ulivyokuacha?”

Bibi Blia akavua miwani. Akaishika mkononi bila kuifuta, akakitazama kile cheupe kidogo kilichobaki kwenye picha.

“Shindilia,” akasema. “Shindilia udongo vizuri, mwanangu. Pasionekane hata ufa.”

Gaonu akailaza penseli ubavu, akaanza kushindilia.